Kisa cha mtaa uliofunga njia watoto wacheze: kufunga haikuwa shida, shida ilikuwa kufungua

Naandika hiki kisa kwa sababu watu wa mitaa mingine wameniuliza mara nyingi tulifanyaje, na kila nikielezea kwa mdomo nasahau nusu. Jina la mtaa nimelitoa, majina ya watu nimeyatoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili mtu asijulikane. Mimi nilikuwa kwenye kamati toka siku ya kwanza, nilishika daftari, kwa hiyo mengi ya hapa yanatoka kwenye daftari lile, na palipokuwa na kosa langu mwenyewe nimelisema.

Hali ilivyokuwa kabla

Ni mtaa wa kawaida wa Dar es Salaam, uswahilini ila sio kule ndani kabisa. Nyumba zimebanana, uani ndio hapohapo mnafulia na kupikia, asubuhi kuna mama anauza vitumbua barazani na jioni barazani hapohapo kuna mwingine anachoma mihogo. Njia ninayoizungumzia inakatiza katikati ya mtaa, inatoka barabara kubwa ya daladala inaenda kutokea mtaa wa pili. Zamani ilikuwa ya vumbi, mashimo matupu, mvua ikinyesha mnavuka kwa matofali, na kila mtu mzima alikuwa anailalamikia, lakini watoto ndio walikuwa wenye nayo. Rede, foliti, kombolela, gololi, mdako, kuruka kamba, chandimu na mpira wa makaratasi, vyote vilichezwa palepale katikati kwa sababu gari ikiingia ilikuwa inakuja polepole inatafuta pa kukanyaga, mtoto anaiona mapema, anasogea, ikipita anarudi.

Halafu tukawekewa lami. Tulifurahi wote, mimi mwenyewe nilifurahi, vumbi liliisha ndani na kikohozi cha mama yangu kilipungua. Ila lami ilikuja na mwendo. Bodaboda wakagundua hii ni njia ya kukwepa foleni ya barabara kubwa, bajaji wakafuata, baadae hata magari madogo, na wote wanapita kama wanafukuzwa. Ndani ya miezi michache watoto wakawa wamehamia vibarazani. Hakuna mkutano uliokaa ukawakataza, kila mama alimkataza wa kwake.

Wakati huohuo kile kiwanja tulichokuwa tunakiita uwanja kilishajengwa fremu za biashara, na shule ya msingi iliyo jirani imezungushiwa ukuta, wikiendi geti lina kufuli. Kwa hiyo mtoto ana ukuta huku na pikipiki huku.

Kilichotuamsha ni mtoto wa miaka 7 kugongwa na bodaboda mchana kweupe akifuata mpira. Alivunjika mguu, alikaa na plasta muda mrefu, namshukuru Mungu alipona na sa hivi anakimbia. Siku ile vijana walitaka kuichoma ile pikipiki, mwenyekiti wa mtaa akasimama mbele yake mpaka wakapoa, akasema njooni mkutanoni.

Mkutano

Watu walikuja wengi kuliko mikutano ya taka. Jambo la kwanza lililodaiwa ni matuta, na hilo lilikuwa dai sahihi, ila mtaa hauwezi kuamka asubuhi ukaweka matuta wenyewe, barabara za namna ile ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, toka uanze 2017, inatakiwa barua ipite kwa mtendaji, ije ikaguliwe, isubiri bajeti. Barua tukaandika siku ileile. Swali likabaki, hapa katikati tunafanyaje?

Muuguzi mmoja mkazi wa mtaa alisimama akasema kitu ambacho wengi hatukukijua, kwamba kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2023 watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani duniani kila mwaka, na kwa umri wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachoua kuliko ajali za barabarani, sio malaria wala ugonjwa mwingine wowote. Pakawa kimya.

Wazo la kufunga njia lilitoka kwa dereva wa lori anayepeleka mizigo Rwanda. Akasema Kigali kuna Jumapili asubuhi ukiingia mjini unakuta barabara kubwa zimefungwa, hamna gari, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli, na serikali yenyewe ndio inafunga. Ni kweli, walianza 2016 mara moja kwa mwezi, baadae ikawa mara mbili. Mimi nikaenda kutafuta zaidi nikakuta Addis Ababa nao walianza siku kama hizo Desemba 2018, na New York wamekuwa wakifunga mitaa kwa ajili ya watoto toka 1914, zaidi ya miaka 100. Kilichonisaidia kuliko vyote kilikuwa cha Bristol, Uingereza, ambako mwaka 2009 wamama wawili majirani walifunga mtaa wao baada ya masaa ya shule watoto wacheze, na baadae halmashauri ya jiji ikaweka utaratibu wa kuomba ruhusa hiyo. Pale sio tamasha, ni mtaa mmoja, masaa machache, mtu mzima kila mwisho wa njia, na gari la mkazi haligombezwi, linaingia kwa mwendo wa mtu anayetembea huku msimamizi akitangulia mbele. Hicho kipande cha gari la mkazi nilikiandika kwenye daftari nikakizungushia duara.

Ila kilichomaliza ubishi hakikuwa cha Kigali wala cha Ulaya. Mzee mmoja, wa siku nyingi pale mtaani, alisema hivi: msiba ukitokea hapa tunatandika mikeka na turubai katikati ya njia siku tatu, nani ameshawahi kwenda kulalamika? Wakifa tunawafungia siku tatu, wakiwa hai tunashindwa masaa mawili?

Hakuna aliyebisha tena. Nitaurudia huu mfano wa msiba baadae kwa sababu ulitusaidia sana na pia ndio uliotuponza.

Kuomba ruhusa

Tuliamua hatufungi kienyeji. Kulikuwa na waliosema fungeni tu, nani atawauliza, na hoja yao ilikuwa na nguvu kwa sababu harusi na vigodoro vinafunga njia kila wikiendi. Ila tulifikiria, ikitokea mtoto akaumia ndani ya njia tuliyoifunga bila kibali, mwenyekiti ndio atabeba. Basi tukaandika kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa wanaosimamia barabara na kwa polisi. Ofisi moja ilitupeleka nyingine, ile nyingine ikaturudisha ya kwanza, mpaka jibu linatoka zilishapita karibu wiki saba.

Kilichofungua mlango ni vitu viwili. Mwalimu mmoja mstaafu alichora ramani ya mkono inayoonyesha kipande tunachofunga, kama mita 150 hivi, njia mbadala ya kuzunguka, na mahali watakaposimama watu wetu. Cha pili, afisa maendeleo ya jamii wa kata alitukumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja kucheza na kupumzika kama haki ya mtoto, palepale kwenye orodha ya chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Tuliiweka kwenye aya ya kwanza ya barua ya pili, na nahisi iliifanya barua isionekane ya watu wanaotaka sherehe.

Masharti tuliyopewa yalikuwa ya maana. Tusiguse barabara ya daladala, gari la wagonjwa na zimamoto lipite wakati wowote, watu wazima kila mwisho, na pasiwe na biashara mpya wala mabango.

Siku ya kwanza

Tulichagua Jumamosi, na hilo lilikuwa kosa, langu mimi, kwa sababu mi ndio niliyesema Jumamosi watu wako huru. Wako huru wapi. Jumamosi ndio mangi wa duka anashushiwa soda, ndio siku ya harusi, ndio siku fundi furnicha anapeleka makabati ya watu. Tulifunga saa 9 mchana kwenye jua kali, lami imechemka, watoto peku wakawa wanarukaruka sio kwa kucheza.

Tulifunga kwa mawe, mawe makubwa, kwa sababu tuliogopa bodaboda watasukuma kitu chepesi. Kijana mmoja kwa nia njema alileta spika kubwa, mwingine akawa anatangaza, na ndani ya nusu saa watu wazima ndio waliokuwa wengi katikati. Waliobaki walicheza mpira. Wavulana wa miaka 13, 14 walichukua njia yote kutoka mwisho mpaka mwisho, wasichana wakasimama pembeni na kamba zao mkononi, na wale wadogo wa miaka minne, mitano wakabebwa na mama zao kurudi ndani kwa sababu mpira unapiga. Niliandika kwenye daftari: "tumewapa uwanja waliokuwa nao tayari". Wale wavulana wakubwa wana uwezo wa kutembea mpaka kiwanja cha mbali, wadogo ndio hawana pa kwenda.

Jioni ile tulikaa chini na kubadilisha mambo matatu. Siku ikawa Jumapili, saa 10 mpaka saa 12 jioni, yaani baada ya alasiri, wa kanisani wameshakula wamepumzika, na magharibi inakuta njia imeshafunguliwa. Spika ikakatazwa kabisa, hata ya kuazima. Na mpira ukapewa kipande cha mwisho tu, mstari wa chaki, saa ya kwanza wadogo, saa ya pili wakubwa. Hiyo ya mpira iliwakera wakubwa mwanzoni, ila mmoja wao alipopewa filimbi ya urefa wa wadogo ikageuka kuwa heshima, wakaanza kuigombania.

Mama mjamzito na yale mawe

Jumapili ya pili ya utaratibu mpya, kama saa 11, bajaji ikaja mbio upande wa mtaa wa pili, ndani kuna mama ameshikwa na uchungu. Walioshika mwisho ule walikuwa wababa wawili, wakaanza kusogeza mawe, jiwe moja linahitaji watu wawili, dereva anapiga honi, mama analia, watoto wameduwaa. Ilichukua dakika chache tu, na yule mama alifika hospitali, alijifungua salama, mtoto wake sasa anatambaa. Lakini mimi sitakaa niisahau ile sauti.

Siku ileile mawe yakaondolewa yasirudi. Sheria yetu ikawa kwamba chochote kinachofunga njia lazima mtu mmoja akiondoe kwa mkono mmoja. Tukatumia kamba ya manila yenye vitambaa vyekundu, upande mmoja imefungwa kwenye nguzo na upande mwingine imeshikwa na mtu, sio kufungwa, imeshikwa. Nyuma yake viti viwili vya plastiki. Watoto wakaanza kuwaita wale watu wazima "washika kamba" na jina likabaki.

Tulidhani usalama unatoka kwenye uzito wa kizuizi, kumbe unatoka kwa mtu aliyesimama pale. Toka tumeanza kamba hakuna bodaboda aliyeikata, lakini wakati wa mawe kuna mmoja alipita pembeni, kwenye msingi wa nyumba ya mtu, akiwa na abiria.

Bodaboda

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu mitaa mingi inaanza kwa kuwafanya bodaboda maadui. Na sisi tulianza hivohivo, mkutano wa kwanza hatukuwaita, tuliwajadili tu. Kijiwe chao kilikuwa ndani ya kipande tunachofunga, kwa hiyo siku ya kwanza ya kibali tuliwaondoa kwenye riziki yao bila kuwauliza, alafu tukashangaa wamenuna.

Mwenyekiti wa kijiwe alikuja kwangu nyumbani, kijana mstaarabu, akanisalimia shikamoo dada, akasema sisi pia tuna watoto humu, ila Jumapili jioni ndio watu wanatoka kutembelea ndugu, ndio hela ya Jumatatu. Niliona aibu. Tukakaa nao, tukakubaliana kijiwe kihamie masaa yale kwenye kona ya barabara kubwa, nje kidogo ya kamba, na abiria wa mtaani wakatangaziwa kwenye grupu la WhatsApp kwamba boda wako pale. Kumbe kwenye kona ile wanapata hata abiria wa daladala. Wakakubali, na wawili wakaomba wenyewe kuwa washika kamba.

Tukakosea tena. Kulikuwa na mhisani, mkazi mwenzetu mwenye uwezo, akatoa hela tuwalipe washika kamba wote posho kidogo. Wiki kadhaa ilienda vizuri, hela ilipoisha hakuna mtu aliyetaka kusimama bure kitu ambacho jana kililipwa, na wazazi waliokuwa wanasimama bure mwanzoni wakaona wamechezewa. Jumapili moja tulishindwa kufunga kabisa kwa kukosa watu. Tulirudi kwenye zamu ya nyumba kwa nyumba, kila nyumba yenye mtoto inatoa mtu mzima mmoja kwa zamu, bodaboda wale wawili wanasaidia kwenye kona na wanachopewa ni chakula cha jioni kwa mama lishe, mtaa unachangia. Mpaka leo iko hivo.

Siku tuliyochelewa kufungua

Hii ndiyo siku iliyotaka kuua kila kitu. Wakubwa walikuwa na fainali, imeenda mpaka penati, watu wamejaa, mshika kamba wa zamu naye anatazama penati. Saa 12 ikapita. Nje ya kamba kuna boza la maji linapeleka maji kwa watu ambao bomba lilikuwa limekata siku ya pili, kuna baba anarudi na mgonjwa wake kutoka kliniki, kuna mama ana ndoo za samaki zinazotakiwa kuingia kwenye barafu. Tumefungua saa 12 na dakika 40, giza limeingia.

Kesho yake asubuhi malalamiko yalikuwa kwa mtendaji kabla hata mimi sijaamka. Na waliolalamika sio wale waliokuwa wanapinga toka mwanzo, walikuwa wanaotuunga mkono, mama wa samaki mtoto wake ndio bingwa wa rede pale. Tukasimamishwa wiki tatu.

Mimi nilikasirika, nikasema dakika 40 tu, msiba unakaa siku tatu. Yule mzee wa mkutano ndiye aliyenirekebisha. Alisema mwanangu, msiba watu wanausamehe kwa sababu hakuna aliyeupanga. Hiki mmekipanga nyie.

Tulivyorudi

Tuliandika barua ya kuomba radhi, tukaibandika kwenye duka la mangi na kwenye ofisi ya mtaa, halafu tukaweka utaratibu wa filimbi. Saa 12 kasoro dakika 10 filimbi ya kwanza, mchezo wowote unaisha hata kama ni penati. Kasoro dakika 5 watoto wenyewe wanakusanya viti, wanakunja kamba, wanafuta mistari ya chaki kwa kandambili. Saa 12 kamili mtoto aliyechaguliwa siku hiyo anapiga kelele "imefunguliwa!" na anayepita wa kwanza anapigiwa makofi, iwe gari, iwe baiskeli, iwe mkokoteni.

Makofi hayo watoto waliyaanzisha wenyewe, hatukuwafundisha. Madereva walianza kuja kwa makusudi saa 12 wapigiwe makofi, na wanapita polepole, wanacheka, wanapunga mkono. Yule wa boza naye alishakuja.

Kwenye daftari, kabla ya filimbi karibu kila Jumapili kuna lalamiko limeandikwa, baada ya filimbi kurasa zinaenda bila lalamiko, isipokuwa mpira kuvunja kioo mara moja, tukachanga tukalipa.

Matokeo mpaka sasa

Tumeenda kama miezi minane, tukitoa masika ambapo tulisimama kwa sababu njia inageuka mfereji, na wiki za mitihani. Sa hivi ni Jumapili mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, wazazi walichoka zamu na tukaona bora mara mbili zenye uhakika.

Ndani ya masaa yale hakuna mtoto aliyeumizwa na chombo. Michezo iliyokuwa imepotea imerudi, kuna watoto wa miaka 8 walikuwa hawajui foliti, bibi mmoja alitoka na khanga yake kiunoni akawafundisha. Kuna mtoto mwenye kiti cha magurudumu ambaye kipindi cha vumbi hakuwahi kutoka nje akacheza, kiti kilikuwa kinazama, na kipindi cha lami mama yake aliogopa pikipiki. Jumapili zile anakimbizana na wenzake kutoka kamba mpaka kamba, wanapokezana kumsukuma na kuna muda anawakatalia, anajisukuma mwenyewe. Kwa kweli nikimwangalia nasahau yale masumbuko ya barua.

Ambacho hakijabadilika, Jumatatu pikipiki zinapita kama kawaida. Tulitegemea madereva wakizoea kuona watoto pale watapunguza mwendo siku zote, na bodaboda wa kijiwe chetu kweli wamepunguza, ila wapita njia wa mbali hawajui chochote. Wiki ina masaa 168, sisi tunafunga mawili, na sio kila wiki. Matuta bado hayajajengwa, tumefuatilia mara mbili. Kwenye Azimio la Stockholm la 2020, la usalama barabarani, nchi zilikubaliana kwamba pale watembea kwa miguu wanapochanganyika na vyombo mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, na tumeliweka kwenye barua ya tatu.

Ninavyoliona mimi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuanza na kitu ambacho mtaa tayari unakijua. Watu wa Dar wanajua kufunga njia, wanajua turubai, wanajua kuzunguka bila kuuliza. Hatukuhitaji kumfundisha mtu kwamba njia inaweza kuwa kitu kingine kwa muda. Mtaa ambao utaanza kwa kusema tunaiga Ulaya utapata shida ambayo sisi hatukuipata.

Ila mfano wa msiba una nusu moja tu. Unakufundisha kufunga, haukufundishi kufungua, kwa sababu turubai la msiba linaondoka likimaliza na hakuna anayeangalia saa. Sisi tulichukua uvumilivu wa msibani tukadhani na sisi tunao. Ukiangalia malalamiko yote niliyoandika, hakuna hata moja linalosema watoto wasicheze. Yote yanahusu mtu kutokujua atapita saa ngapi. Mwenye samaki anaweza kupanga barafu yake kama anajua saa 12 ni saa 12. Kama ningeanza upya leo, filimbi ya kufungua ingekuwa kitu cha kwanza kwenye ramani, kabla ya kamba.

Kuhusu bodaboda nimeshasema, waitwe mkutano wa kwanza. Kuhusu hela, usilipe zamu unayojua hutaweza kuilipa mwakani. Na kuhusu mpira, naupenda mpira, lakini usipoupimia sehemu utachukua njia nzima, na watakaokosa ni wasichana na wadogo, ambao ndio uliwafungia njia.

Kuna jambo sikuliona mpaka nilipoonyeshwa. Magari na pikipiki tunazozuia hazipotei, zinazunguka na kupita mtaa wa pili, na mtaa wa pili una watoto pia, njia yao haina hata lami. Mama mmoja wa kule alikuja amenishika mkono akasema dada, Jumapili zenu ndio siku zetu mbaya. Tumekaa na viongozi wao mara mbili. Tulichokubaliana ni kupokezana, Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga sisi na ya tatu wanafunga wao, watoto wa pande zote mbili waende kule kulikofungwa, washika kamba wachanganywe. Ramani mpya mwalimu ameshaichora, barua ipo kwa mtendaji toka wiki iliyopita, na kamba yetu tumeshawapelekea wapime kama inatosha upana wa njia yao.